Mfuko wa Chakula Umepunguzwa

Majina yao ya vyeti yapo, ila hakuna aliyekuwa na haja nayo. Mtaa mzima ulimwita dada mkubwa Pipa na mdogo wake Debe, tangu walipokuwa wasichana wa shule wenye mashavu ya kufinywa, na watu wakishakupa jina la namna hiyo hawalichukui tena. Hata Pipa alipokonda, nguo zikamning'inia kama za kuazima, jina halikuhama. Wateja walimtazama juu chini, wakatoa macho, kisha wakasema, "Shikamoo Pipa," bila hata kuona haya.

Duka lao lilikuwa la vibao na mihuri. Ukitaka kibao cha mlango wa ofisi, muhuri wa shule au kikombe cha washindi kilichochongwa jina la timu, ulikwenda kwao. Pipa alikaa chumba cha nyuma na mashine ya kuchonga, miwani puani, brashi ndogo ya kufagia vumbi la chuma karibu na mkono. Debe alikaa mbele, akikata raba za mihuri, akifunga riboni za medali na kuongea. Kwa kuongea, Debe hakuwa na mshindani.

Sasa, habari ya kukonda. Debe na mtaa mzima walijua kwamba Pipa alikwenda kumuuguza shangazi yao anayeishi mbali, akarudi amepungua, akazidi kupungua. Alipoulizwa siri yake alijibu kwamba ni maji ya moto na ndimu kila asubuhi, kutembea kwa miguu na kuacha kula usiku. Ukweli ni kwamba shangazi alikuwa mzima kabisa, na yeye ndiye aliyemuuguza Pipa, baada ya daktari mpasuaji kumpunguza mfuko wa chakula ukabaki mdogo mfano wa yai. Katika jamaa zake, waliojua walikuwa wawili tu: huyo shangazi, na mume wa Pipa, dereva wa lori, ambaye siku nyingi yuko njiani na siri zake huzimwagia usukani.

Ukimuuliza Pipa kwa nini alidanganya, hata yeye asingekupa jibu lililonyooka. Mwanzoni alikuwa anakwepa maneno, asije akaambiwa kashindwa kufunga mdomo mpaka akashonwa. Baadaye watu wakaanza kumsifu, na sifa, tuseme kweli, zilimnogea. Ubaya ulikuwa mmoja. Debe alimwamini.

Debe alikunywa hayo maji ya ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Alikuja dukani kwa miguu, jasho likimtiririka, viatu mkononi. Alilala na njaa. Mchana alitafuna tango akitazama ukutani. Akipanda mizani, mizani inamtazama tu. "Wewe Dada una moyo," alikuwa akisema. "Mimi mvivu. Najijua, mvivu wa kuzaliwa." Pipa aliposikia hivyo aliinamisha kichwa kwenye mashine, akaichonga herufi ileile mara mbili.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, kama si ile sharubati. Mwalimu mmoja alipandishwa cheo, akaja kuagiza kibao cha mlango wake mpya, na kwa furaha akawanunulia wenye duka sharubati nzito yenye sukari ya kumwaga. Pipa, ingawa sukari nyingi alikatazwa tangu apasuliwe, akaona aibu kukataa, akaimaliza. Haukupita muda, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho jembamba likamtoka, miguu ikaisha nguvu, akajikuta chini kati ya meza na sanduku la raba. Ulimi ulikuwa mzito. Aliona nyuso zimemzunguka: mmoja anasema apepewe, mwingine amwagiwe maji, muuza nguo wa jirani kashika vidonge viwili vya ibuprofeni, anamwambia Debe, "Mpe, hivi vinaondoa kila kitu." Na Debe, machozi yakimtoka, alikuwa anamfungua mdomo dada yake ampe. Pipa aliuma meno kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Dawa hizo alikuwa amekatazwa kama sumu, kwa kuwa zinaweza kumchoma kidonda ndani ya kile kimfuko chake. Alijua hilo, na hakuweza kulisema.

Alipopata nafuu alikwenda kwa mpasuaji. Mpasuaji akamwambia, bila kuinua macho, avae bangili yenye maelezo ya hali yake, ili akianguka akiwa hawezi kusema, watu wa hospitali wajue. Pipa akatoka na uamuzi. Mlangoni akakutana na muuguzi, akamsimulia, muuguzi akacheka. "Bangili ya nini, mama? Weka kadi kwenye pochi, inatosha." Pipa akarudi nyumbani hana uamuzi. Akampigia mwanamke waliyelala naye wodi moja, naye akasema yeye anavaa ya shingoni na hata kuoga haivui. Kesho yake huyohuyo akapiga simu kusema ameivua, maana mama mkwe ameanza kuuliza maswali. Kichwa cha Pipa kikawa kinazunguka. Waliosoma hawakubaliani, waliolala wodi hawakubaliani na nafsi zao. Yeye mchonga vibao amsikilize nani?

Mume wake, aliporudi kutoka safari, alisaidia kama kawaida yake, yaani aliharibu.

"Wengine huweka na ile alama ya nyoka, ya udaktari," Pipa alimwambia, akimwonyesha picha kwenye simu.

"Nyoka? Mke wangu, umekonda ghafla, biashara inakwenda vizuri, halafu uvae nyoka mkononi? Watasema umejiunga na wale watu wa kutoa kafara."

"Basi nisivae."

"Sijasema usivae."

"Kwa hiyo nivae?"

"Mimi ni dereva," akasema mume, akageukia ukuta kulala.

Pipa akanunua bangili ya chuma cha pua, yenye kibao chembamba juu, upana wa kidole. Hapo likaja tatizo jingine ambalo hakulitegemea, yeye ambaye maisha yake yote ni kuwachongea watu maneno. Aseme nini? Maneno mengi hayatoshi kibaoni, maneno machache hayaeleweki. Alichonga kwenye kipande cha bati kwa majaribio NIMEPASULIWA TUMBO. Mume akasoma, akasema watatafuta mtoto mchanga. Akachonga TUMBO DOGO. Mume akasema hilo ni jina la mpiga gitaa. Aliwaza usiku na mchana, akapoteza hata hamu ya kile chakula kidogo alichoruhusiwa. Watu huchonga kwenye vibao vile wanavyotaka kujulikana, mkurugenzi, mwenyekiti, mshindi wa kwanza. Yeye anachonga kile asichotaka kijulikane, tena akivae barabarani.

Mwishowe, asubuhi moja kabla Debe hajafika, akapiga moyo konde, akafunga bangili kwenye mashine na kuandika upande wa juu MFUKO WA CHAKULA UMEPUNGUZWA. Upande wa chini, unaogusa ngozi, akaandika HAPANA IBUPROFENI. HAPANA MPIRA WA PUANI BILA MPASUAJI. PIGA, kisha namba ya simu. Mpira huo, ule unaopitishwa puani hadi tumboni, ungeweza kumtoboa. Mume yuko njiani, mara nyingi mtandao haumpati. Shangazi yuko mbali na masikio yake yamechoka. Vidole vyake vikaandika namba moja anayoijua kwa moyo, bila kushauriana na kichwa.

Akaitazama. Akaivaa, akaivua, akaivaa tena juu zaidi, chini ya mkono wa blauzi. Akaivua. Akaifunika na brashi, akatoka kwenda duka la vipuri kununua mafuta ya mashine, huku akijiambia atakaporudi atakuwa ameamua.

Aliporudi alisikia kicheko toka barabarani. Katibu wa timu ya mpira alikuja kuchukua kikombe chake, Debe akaingia nyuma kukitafuta, akatoka na kikombe mkono mmoja na bangili mkono wa pili.

"Mfuko wa chakula umepunguzwa!" Katibu alikuwa anasoma, mbavu hana. "Umepunguzwa bei, ama umepunguzwa ujazo? Maana wauza unga siku hizi wanapunguza kimyakimya."

"Labda ni wa misaada," Debe akasema, naye akifuta machozi ya kucheka. "Watu wamekaa foleni, wanasomewa bangili: jamani, mfuko wa chakula umepunguzwa, rudini nyumbani. Dada, nani kaagiza kituko hiki?"

Pipa alisimama mlangoni na chupa ya mafuta. Alitaka kusema "Mteja tu," neno lenyewe lilikuwa ulimini, na lingepita salama. Halikutoka.

"Kuna na nyuma," Debe akasema, akaigeuza kwenye mwanga. "Hapana ibuprofeni. Hapana mpira... bila mpasuaji. Huyu ni mgonjwa, Katibu, tusicheke. Piga..." Akaanza kuisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anavyowasomea wateja risiti. Katikati sauti ikapungua. Akamalizia kwa midomo tu.

"Hii ni namba yangu," akasema.

Katibu, mtu mwenye akili ya uwanjani, aliona mpira umetoka nje. Akachukua kikombe chake, hakusubiri hata riboni.

"Dada, mfuko wa chakula wa nani?"

"Wangu."

"Umepunguzwa na nani?"

"Na daktari. Nilipokuwa kwa shangazi." Pipa alisikia sauti yake ikitoka ndogo. "Nilipasuliwa, Debe. Sikumuuguza mtu."

Debe akavuta kiti cha wateja. Akakaa. Aliitazama bangili, akamtazama dada yake tumboni, akaitazama tena bangili, kama anayelinganisha muhuri na sahihi.

"Kwa hiyo mimi si mvivu," akasema taratibu.

"Hapana. Hujawahi."

"Nimelala na njaa, Dada. Nimekojoa ndimu mpaka nikaungua. Kila asubuhi najitukana kwenye kioo. Wewe unaniona, unaniambia 'kazana mdogo wangu, utafika'. Nifike wapi? Ulipofikia wewe kulikuwa na kisu!" Sasa sauti ilipanda. "Na siku ile ulipoanguka hapa, mimi nilishika vidonge. Ningekuua mimi. Ningekuua kwa mikono yangu halafu nikulilie."

Pipa aliweka chupa chini. Alijua kuna maneno ya kusema, ila aliyotafuta yote yalikuwa mafupi kama ya kwenye kibao. "Nisamehe," akasema. "Niliona aibu."

"Futa namba yangu," Debe akasema. Akaweka bangili mezani, akachukua mkoba, akaondoka kabla ya saa ya kufunga.

Pipa alifunga bangili kwenye mashine ili afute. Lakini chuma hakifutiki, kinakwanguliwa, na ukikwangua kinabaki na kovu linalosomeka kuliko namba. Alishusha sindano, akaipandisha. Akiikwangua, ameheshimu neno la mdogo wake, ila akianguka hakuna wa kupigiwa. Akiiacha, amembebesha mtu mzigo aliokataa. Alifunga duka bado hajui. Njiani aligundua kwamba ameivaa, wala hakumbuki aliivaa saa ngapi, na watu wawili walishamsalimia wakiitazama. Hakuificha. Ilikuwa imechelewa kuficha, na aliyetakiwa kufichwa alishajua.

Nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu. Hofu iliyomshika sasa haikuwa ya kuanguka. Alikuwa anaogopa simu iite, iite, na upande wa pili mtu aitazame na kuiacha. Mwisho akaigeuza bangili na kuipiga ile namba, akiisoma kutoka kwenye chuma ingawa aliijua kwa moyo, kama atakavyofanya mgeni yeyote atakayemkuta sakafuni.

Iliita sana. Alipotaka kukata, ikapokelewa. Ilikuwa sauti ya Debe, kavu, ya kiofisi, ile anayoitumia kwa wateja wasiomjua, kana kwamba aliyepiga ni mgeni.

"Haloo. Ndiyo, namfahamu, ni dada yangu. Amepasuliwa tumbo, mfuko wa chakula umepunguzwa. Msimpe ibuprofeni. Msimpitishie mpira puani mpaka mpasuaji aje. Na akizinduka msimwamini anachosema, ni muongo sana." Akavuta pumzi. "Nakuja. Msimwache peke yake."

Halafu akakata simu. Pipa alibaki ameishikilia sikioni, asijue kama amesamehewa au amekaripiwa, akiwa bado hajavua viatu.