Chafya na Magunia ya Mahindi

Mke wangu alihama chumba chetu wakati wa kiangazi, vumbi la Tunduma lilipopamba moto. Hakugomba. Alichukua mto wake, akasimama mlangoni, akasema, "Baba watoto, chafya zako zinaninyima usingizi. Siku ukiweza kulala kimya, niite." Akaenda kulala na mabinti.

Niliumia. Kitanda kile bila yeye kilikuwa na baridi kama ya kwetu milimani Ileje. Basi nikaanza kutafuta mchawi. Nikalaumu malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nikalaumu paka, nikamfukuza. Akarudi siku hiyohiyo na panya mdomoni, akapita mbele yangu bila kunitazama. Nikamlaumu hata jirani anayefagia uwanja bila kunyunyiza maji, nikaenda kumfundisha kufagia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikabidhi ufagio.

Mwishowe nikaenda zahanati, daktari akanipokea vizuri. "Huo ni mzio, baba. Chumbani unalala na nini?"

"Na mke wangu," nikajibu, "lakini amehama."

Akainamisha uso, mabega yakamtikisika. Alipotulia aliniagiza nisafishe pua kwa maji ya chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa, nianike godoro, nifue shuka na chandarua, na nifute vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Nilifanya yote, tena kwa mbwembwe. Nilipolitoa godoro uani, majirani wakauliza ni nani kakojoa kitandani. Maji ya chumvi, badala ya kuyaacha yapite puani taratibu, niliyavuta kwa nguvu kama ugoro, nikatokwa machozi mbele ya mabinti zangu. Chafya zikabaki palepale.

Jumamosi moja mke wangu akaingia na beseni kuchota mahindi ya kupeleka mashineni. Hapa niseme jambo ambalo daktari sikumwambia: upande wa kichwani pa kitanda, mahindi ya shamba letu la kijiji cha Ruanda yalikuwa yamepangwa, gunia juu ya gunia, hadi karibu na dari. Stoo ilikuwepo, lakini sikuiamini. Nilikuwa nangoja Wazambia waanze kununua na bei ipande, na mali ya kungojea bei mimi hulala nayo. Alipofungua gunia, vumbi la pumba likatimka. Nilipiga chafya mpaka nikashika ukuta.

Akanitazama, akalitazama gunia, akanitazama tena.

"Godoro umeanika. Paka umemfukuza. Jirani umemfundisha kufagia. Na haya?"

"Hayo ni mahindi, mama," nikasema. "Nayalinda."

"Na mimi je?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa guniani, nacho nilikifunga kamba mwenyewe. Nilifunga kitambaa puani, nikabeba gunia moja baada ya jingine hadi stoo, huku paka amekaa kizingitini akinisimamia. Kisha nikapiga deki, nikafuta kuta, nikafungua madirisha.

Usiku ule nililala peke yangu, kimya. Uliofuata pia. Sikumwita; niliona haya.

Jioni ya tatu nikaingia chumbani nikakuta mto wake umewekwa mahali pake, naye anakunja nguo za watoto. Macho yakanijaa maji.

"Bado tu?" akauliza.

"Mzio," nikasema.

Akanisogezea kitambaa bila kuacha kukunja nguo.