Tatu ya Nane Kwenye Keki

Aibu hii nimeificha hata kwa rafiki zangu wa Mengo, lakini afadhali mnisikie mimi kabla hamjaisikia kwa shemeji zangu, maana wao huongeza chumvi (ingawa hapa haihitajiki). Mimi nilijisomesha Dar es Salaam kwa kuuza viatu vya mtumba hadi nikapata diploma ya umeme, nikarudi Kampala kichwa juu, na siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Akello, kule Makindye, niliona msomi kama mimi hawezi kupeleka keki yenye maua tu.

Nilijua kwamba 31 haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, 331 vilevile, 3331 vilevile, na ukizidi kuongeza tatu mbele mambo ni yaleyale hadi 33333331. Hiyo ndiyo niliyotaka iandikwe juu ya keki, lakini keki ilikuwa pana. Nikamwambia mwokaji aongeze tatu moja zaidi, iwe 333333331 (sikuipigia hesabu, ya nini, wakati zile saba za kwanza zote zimekubali?).

Keki ilipofunuliwa, kaka yake Akello akauliza, "Shemeji, hii namba ya simu ni ya nani?"

Nikasimama, nikasafisha koo. "Hii ndiyo ndoa yetu. Ni namba tasa."

Baba mkwe, mwanajeshi mstaafu, akaweka glasi chini. "Rudia."

Nikadhani amependa, nikarudia kwa sauti zaidi: tasa, tasa kabisa.

Shangazi yake akasimama. "Mmesikia? Mtu amekula chakula yetu, sasa anaita mtoto yetu tasa."

"Hapana, shangazi, kwenye hesabu tasa ni namba isiyogawanyika, yaani hakuna wa kututenganisha."

"Kama haigawanyiki," akasema mzee, "mimi wajukuu nitatoa wapi? Rudisheni vitu yake kwa gari."

Makapu ya zawadi yalikuwa yameshafika mlangoni Akello alipotoka chumbani, simu mkononi. "Baba, ngoja. Hii namba si tasa. Nimejaribu moja moja, kumi na saba inaingia, hakuna kitu inabaki."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mzee, nikafungua mdomo kubisha (mjinga mimi): "Haiwezekani, thelathini na moja ni tasa, mia tatu thelathini na moja ni tasa..."

Akanitazama. "Wewe unataka namba ama unataka mimi?"

Mbele ya wakwe wote nikasema nimekosea, si tasa. Mzee akasema, "Rudia." Nikarudia. Shangazi akaichungulia simu. "Kumi na saba mara milioni kumi na tisa na kitu. Kumbe imezaa, na mtoto moja ni mnene hivi." Watu wakacheka mpaka makapu yakarudi ndani.

Posa ilikubaliwa, ila pale Makindye jina langu sasa ni Kumi na Saba, na mzee ndiye analiita kwa sauti kubwa zaidi. Nami nimeapa: jambo likinikubalia mara saba, la nane nitalipigia hesabu chooni, peke yangu, kabla sijalisimamia mbele ya watu.