Shamba la Pamba Nililolima kwa Kiingereza

Wasomaji, Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, nyumbani Nyasura, kwa kitabu kisicho na jalada. Kwa hiyo nilipoitwa Musoma kusailiwa katika shule ya sekondari inayofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, nafasi ya masomo niliyoitaka kuliko kitu chochote, niliogopa jambo moja tu: kukosea.

Asubuhi ile waombaji wote tuligawiwa majembe. Elimu ya kujitegemea, tukaambiwa. La kwangu nikamkabidhi Magesa, mwombaji mwenzangu kutoka Bukima.

"Ee msomi, unatoroka kazi?"

"Kwetu tunalimaga kila siku. Shati la usaili ninalo hili moja."

Nikajificha nyuma ya darasa, nikawa narudia majibu yangu mpaka nilipoitwa.

Mkuu wa shule aliniambia kwa Kiingereza nieleze kazi niliyofanya asubuhi hiyo. Swali hilo sikuwa nimeliandaa, lakini maneno ya shamba nilikuwa nayo tele. Nikaeleza nilivyolima matuta ya pamba, nilivyong'oa magugu, jasho lilivyonitiririka. Sikukosea hata kitenzi kimoja. Nilipomwona anatabasamu, nikaongeza na kupanda mbegu.

"Kiingereza chako kizuri sana, kijana," akasema, kisha akafungua dirisha. Nje, Magesa alikuwa ndani ya shimo, anaonekana kichwa tu, akirusha udongo.

"Leo hapa hakuna aliyelima. Wenzako wanachimba choo."

Hilo alilisema kwa Kiswahili, nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.