Mama Akinyi wa Mwigobero

Jamani, leo nimekabidhiwa ufunguo na mtu niliyemchongea mwenyewe.

Mama Akinyi ni Mkenya. Anakaangaga samaki pale sokoni Mwigobero, jirani na meza yangu ya samaki. Wateja walikuwa wanahamia kwake, nikaenda uhamiaji nikamtaja.

Leo asubuhi maofisa wamekuja. Kibali hana.

Kati ya watu wote, akaniita mimi.

"Mama Nyangeta, shika ufunguo wa stoo. Kesho uwafungulie wasichana wangu, wasikose kazi."

Nikaupokea. Nikasema, "Sawa, dada." Wakamwondoa.

Mchana wateja wake wamekuja kwangu. Samaki wameisha mapema.

Wale wasichana wawili, watoto wa hapahapa kwetu, mtaa wa Kigera, wamekaa kwenye meza yake tupu. Wananiuliza atarudi lini.

Ingekuwa nyie, mngewajibu nini?