Mfupa wa Krismasi

Jirani yangu hapa Kentucky hupika paja la nguruwe la Krismasi kwenye sufuria ya umeme, polepole, tangu alfajiri. Paja huzidi kimo cha sufuria, basi hulifunika kwa foili na kulilinda kwa mwiko. Viganja vyake hunata sukari na haradali, na kila anayetaka kuchungulia hugongwa vidole. Wifi yake Darlene, bingwa wa oveni, hajawahi kumsifu. “Wifi, umetuchemshia tena?” alimtania mwaka huu.

Nyama ilipakuliwa iking'aa, ikiachia mfupa yenyewe. Darlene alijiongezea mara mbili, kisha akanong'ona: “Mfupa naomba, nikapikie maharage.” Huku kwetu mfupa hauombwi ila kwa mpishi aliyekushinda. Mwiko ulimdondoka jirani.

“Omba tena, wifi, kwa sauti! Sebuleni hawajasikia!”