Nusu Debe

Kijiji chetu kilikuwa cha kulala tu. Kabla jua halijachomoza watu walishatawanyika: tarishi na askari kwenda bomani Newala, fundi cherehani kwenye baraza ya duka, wengine kwenye mikorosho ya watu, na mimi kushuka mlima hadi zahanati ya misheni, nilikokuwa nafua mashuka ya wagonjwa. Mchana walibaki wazee, watoto na mbuzi. Jioni tulirudi mmoja mmoja, Wamakonde, Wamakua na Wayao, wa kanisani na wa msikitini, tumechoka hata nguvu za kugombana hatuna. Wageni walitusifu kwamba tunaelewana sana. Mimi nadhani ulikuwa uchovu.

Nilizaliwa Masasi, nikaolewa huko juu miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, mabomba ya serikali yakiwa bado hayajatufikia. Maji yalikuwa bondeni, sisi tulikuwa juu, na mlima ulikuwa katikati. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko pwani, anaandika barua akikumbuka. Basi asubuhi nzima nilikuwa na maji hadi viwikoni, nayamwaga kama sina akili nzuri, halafu saa nane nachota debe langu kisimani, naweka majani juu yasichezecheze, najitwisha, napanda nalo kwa muda wa karibu saa tatu. Nilikuwa nimechoka namna ambayo usingizi hauitibu.

Mwanangu nilimwacha kwa jirani, bibi mmoja wa Kimakua, Mwislamu, ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini mtoto wa kanisani alelewe nyumbani kwake. Kila alfajiri nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye huku akimpokea mtoto hujibu, "Marahaba, mama. Nenda, jua lisikukute mlimani." Siku ninayoisema alikuwa anakohoa. Nilimwambia nibaki. Akanifukuza kwa mkono.

Siku hiyo, kiangazi kimekaza, nilifua mablanketi. Anayejua blanketi lililolowa hahitaji kuelezwa. Nilipofika katikati ya mlima na debe kichwani, shingo ilikuwa inawaka moto. Nikatua. Nikalitazama lile debe kwa chuki, ndiyo, chuki. Nikajiuliza haya maji yote ni ya nani. Nyumbani tuko wawili, mimi na mtoto wa kunyonya. Nikaliinamisha, nikamwaga nusu kwenye mawe. Mawe yaliyanywa mara moja. Mwanamke wa kwetu akikuona unamwaga maji mlimani atakusema hadi uhame, lakini hapakuwa na mtu. Nikajitwisha, na kusema kweli nilifurahi. Nilipanda naimba.

Kule kwetu kulikuwa na desturi moja. Kilio kikishapigwa, haendi mtu kisimani wala shambani mpaka maiti azikwe. Kila nyumba inatoa maji iliyo nayo ya kumwoshea, na yasipotosha anasubiriwa aliyekwisha kushuka kabla ya kilio. Haikuulizwa dini.

Mlima ulipoishia nilimkuta fundi cherehani amesimama. Nikajua kuna jambo, maana saa hizo angekuwa kwenye cherehani yake. Akaniambia bibi amefariki adhuhuri, mtoto wangu mzima, yuko kwa mke wake. "Tunakungoja wewe," akasema. "Leo hakushuka mwanamke mwingine, wote walikuwa na mavuno ya korosho. Nyumba zimetoa, lakini ni vibakuli tu." Akalipokea debe kutoka kichwani mwangu. Niliuona mkono wake ukipanda juu haraka, kwa jinsi lilivyokuwa jepesi kuliko alivyojiandaa. Akanitazama. Akatangulia nalo.

Nilikaa uani na wanawake. Nilitaka kulia, na machozi yakagoma. Nilikuwa nahesabu yale maji niliyoyapa mawe. Baada ya muda alitoka mwosha, mama mtu mzima, mikono imelowa, akasema bila kuficha, "Tumemwosha mara moja. Mara tatu hayakufika." Wanawake wakaitikia kwamba Mungu anapokea, kiangazi ni kiangazi, na sheria inaruhusu. Mimi peke yangu nilijua kwamba kosa halikuwa la kiangazi.

Walimzika kabla jua halijazama. Wanaume wa kanisani walishika majembe pamoja na wa msikitini, kama ilivyokuwa siku zote.

Waliporudi, binti wa yule bibi alikuja kunishika mikono yote miwili. Alikuwa mkubwa kwangu, na macho yamevimba. "Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Bila wewe mama angepakwa vumbi tu badala ya maji, mama aliyependa kuoga vile. Najua ulijaza. Fundi ameniambia lilikuwa nusu, nikamwambia yeye hajawahi kupanda na debe. Yamekumwagikia njiani, sivyo?"

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Nilikuwa nao pale ulimini, maneno machache tu.

"Mlima ule, dada," nikasema.

Akanipa pole. Akanipa pole yeye, siku ya kumzika mama yake, nami nikaipokea.