Talaka Iliyofichwa Mpaka Bima Ikakatika

Jirani yangu amefariki. Habari iliingia kwenye grupu la akina mama wa kanisa nikimlisha mtoto uji, na kabla sijaweka kijiko chini walikuwa wameshaanza: "Mungu amempenda zaidi." Jamani, Mungu asisingiziwe. Huyu mama aliuawa na presha isiyotibiwa. Haikutibiwa kwa sababu hakuwa na bima, na bima aliikosa kwa sababu sisi tulimfundisha kuona aibu.

Tulikaa jengo moja hapa Silver Spring, Marekani. Alikuwa akitunza wazee kule Lanham, kazi isiyo na bima, kwa hiyo alitibiwa kwa bima ya kazini kwa mumewe. Alikuwa na mdomo, na kicheko cha kuamsha watoto wa watu. Mahakama ilipovunja ndoa yao nilimuuliza, tukiwa kwenye mashine za kufulia, "Dada, umewaambia watu wa bima?"

"Niwaambie nini na wazee hawajakaa? Mahari haijarudi. Mimi bado ni mke wa mtu."

"Mke wa nani? Jaji ameshasema!"

"Jaji alikula mbuzi wetu? Nikifungua mdomo ofisini kwa mume wangu, kesho mama mkwe anajua."

"Mama mkwe yuko Kisii! Ofisi iko Fairfax!"

"We huwajui Wakenya wa hapa," akasema, akacheka mpaka akaishika mashine.

Mimi sikucheka. Sheria ya hapa, wasomaji wangu, haingoji kikao. Ndoa ikivunjwa mahakamani, nafasi yako kwenye bima ya mume inaisha. Unaweza kuendelea nayo kwa muda ukijilipia mwenyewe, na ni ghali, siwadanganyi, lakini lazima watu wa bima waarifiwe ndani ya kama miezi miwili. Nilimwambia. Shangazi mmoja wa kanisani akamwambia vingine: "Mwanangu, usijitangaze umeachwa. Omba, atarudi." Akamsikiliza shangazi. Bwana naye alinyamaza, maana Jumapili alipenda kuitwa baba wa familia. Alikumbuka kusema siku alipotaka kumwandikisha mke mpya. Bima ya jirani yangu ikakatwa, na alipopiga simu kuomba aendelee kwa kujilipia akaambiwa muda umepita. Akasema atatafuta nyingine mwisho wa mwaka, kampuni za bima zitakapoanza kuandikisha watu tena. Mwanamke aliyeshinda akiwabembeleza wazee wa watu wameze dawa, akawa anazikata zake nusu nusu. Kiharusi kilimkuta jikoni.

Binti yake yuko kwangu wiki hii. Namuuliza kwa Kiswahili kama ameshiba, ananijibu, "I'm fine, auntie," na sahani haijaguswa.

Jana shangazi yule yule alinivuta pembeni matangani. "Mwanangu, nasikia unaandika. Mambo ya talaka usiyatie. Mwache apumzike na heshima yake." Naandika, shangazi. Heshima hiyo ndiyo tunaizika Jumamosi. Na wewe dada unayesoma hapa, ambaye mahakama imeshamaliza na nyumbani hawajaambiwa, wapigie simu watu wa bima leo, kabla hujamwambia hata mama yako. Wazee watakaa siku yao. Wakukute hai, uwajibu mwenyewe.